Behewa Namba 417

Rangi ya kijani ilikuwa ikitoka magamba magamba. Nilikuwa nimelilaza behewa lile dogo la treni ya kuchezea ndani ya bakuli la maji ya moto yaliyotiwa magadi tangu asubuhi, na sasa wenzangu wa maabara walikuwa wamekwenda kula, nami nilikuwa nikilikwangua kwa kijiti ili nisilichubue bati lenyewe. Chini ya kijani kulikuwa na bluu. Chini ya bluu, kwenye kona ya mlango, kikajitokeza kidoa chekundu, wekundu wa tofali lililolowa, kidogo kama punje ya mchele. Nikaweka kijiti chini.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Wagonjwa siwaoni, naletewa alama za fizi zao, nami natengeneza kitu kinachofanana na kile walichopoteza. Mtu akicheka mbele ya watu na hakuna aliyegundua, hapo nimefanya kazi. Kwa hiyo nilipolikuta behewa lile kwa muuza vitu vikuukuu, ndani ya kikapu cha vitasa na vijiko visivyo na wenzake, sikujiuliza kama nitaweza. Lilikuwa na urefu wa shubiri moja. Magurudumu matatu tu. Kulabu ya nyuma haikuwepo, mlango mmoja ulikuwa umegoma kwa kutu, na mtu fulani aliyebakiza rangi ya madirisha alikuwa amelipaka lote, hadi chini.

"Unamnunulia mtoto?" muuzaji aliuliza huku akilifunga kwa gazeti.

"Baba yangu."

Akacheka. Alidhani natania.

Baba alikuwa karani wa stesheni maisha yake yote ya kazi. Mhandisi mmoja aliyekuwa akihamia mbali alimwachia zawadi ya treni ndogo ya bati: injini moja, mabehewa sita mekundu ya mizigo, na reli za kutosha kuzunguka meza. Baba akaitengea treni ile chumba cha nyuma. Sisi tulilala watatu kitanda kimoja, treni ikapewa chumba chake. Mama alikuwa akisema kwamba siku treni ile itakapoanza kula, sote tutahamia nje.

Jumapili alasiri mlango wa chumba kile ulifunguliwa. Baba alivaa kofia ya kazini, akasimama kwenye kichwa cha meza, akatangaza kwa sauti ile ile ya stesheni kwamba abiria wote wakae mbali na reli. Watoto tulipanga mstari ukutani, mikono nyuma. Kugusa ilikuwa marufuku. Mtu mmoja tu alikuwa na kazi ndani ya shirika lile, naye ni baba mdogo, mdogo wake baba wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Filimbi. Aliweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi wa treni hadi mbwa wa majirani wakajibu. Baba alikuwa hacheki ovyo, lakini mluzi ule ulikuwa unamwangusha. Alicheka mpaka anavua kofia.

Baba mdogo alikuwa akiishi nasi kwa sababu kazi zilikuwa hazimkai mkononi. Mwaka ule alikuwa kibarua kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa upande wa pili wa ua wetu, akichanganya zege. Na lazima niseme, maana ndipo yote yalipoegemea: mwaka mmoja kabla, aliwahi kuuza redio ya baba akanywea pombe. Alikiri mwenyewe, akalia, akasamehewa. Lakini neno mkono mrefu lilikuwa limeshatamkwa ndani ya nyumba, na neno likishatamkwa halina pa kurudi.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa kazini, mama alikuwa anafua, mawingu yalikuwa yamejaa. Mama alimtuma baba mdogo, aliyekuja kunywa maji, akafunge dirisha la chumba cha nyuma kabla mvua haijaingia. Akafunga, akatoka, akarudi kwenye zege lake. Mlango akausahau wazi.

Niliingia. Nilichukua behewa la mwisho, lenye namba 417 kwa rangi nyeupe, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi kuchomoa. Nikalifunga uzi mwekundu. Nikalipeleka nje ya lango, nikalijaza kokoto, nikalivuta kwenye njia ya gari huku nikitangaza kwa sauti ya baba. Sijui nilitangaza stesheni ngapi. Najua kwamba lori la mchanga lilikuwa likirudi nyuma kuelekea kwenye ujenzi, na kwamba niliruka pembeni, na uzi ukakatika, kipande kikabaki mkononi mwangu.

Halikuwa behewa tena. Lilikuwa bahasha. Magurudumu yalikuwa yamezama kwenye bati kama vifungo kwenye godoro.

Kufumba na kufumbua nilikuwa kwenye ukingo wa mtaro wa msingi, mafundi wakiwa wamekwenda kujikinga mvua. Nikalitupa ndani. Likalia mara moja tu kwenye jiwe. Asubuhi iliyofuata zege lilimwagwa, na mimi nikapumua.

Baba aligundua Jumapili. Hakupiga kelele. Alihesabu mabehewa kwa kidole, akahesabu tena kuanzia upande wa pili, akavua kofia. Kisha akatuita wote sebuleni.

"Redio ulikiri," alimwambia mdogo wake. "Kiri na hili."

"Kaka, sikulichukua."

"Limekwenda lenyewe? Limepata abiria?"

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alisimama pale na zege limemkauka kwenye vifundo vya miguu, akirudia kwamba hakulichukua, na kila aliporudia sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Baba akageukia watoto. Alianza na mkubwa, akashuka. Nilikuwa wa mwisho.

"Wewe uliona mtu ameingia chumba cha nyuma?"

Ningeweza kusema hapana. Hapana peke yake ingetosha kunificha. Lakini hofu ya mtoto haitaki kujificha tu, inataka na mtu wa kusimama mbele yake. Nikasema, "Nilimwona baba mdogo akitoka."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonikata maini kwa miaka iliyofuata, kwamba neno lenyewe lilikuwa la kweli. Mama akafungua mdomo kueleza habari ya dirisha, baba akainua mkono kumnyamazisha. Baba mdogo alinitazama. Nilingoja aseme kitu. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali, kisha akaenda kukusanya nguo zake. Zilienea kwenye mfuko mmoja.

Hakurudi kuishi nasi. Alihamia mji mwingine, akajifunza kutengeneza baiskeli, akaoa, akapata watoto ambao sikuwahi kucheza nao. Mama alipofariki alikuja, akasimama nyuma kabisa ya watu, na baba akapita mbele yake bila kumpa mkono. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu siku ile, mtu mzima mwenye kazi na watoto. Nilipiga moyo konde nimfuate baba nimwambie. Nilifika hadi mlango wa chumba chake. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Mwaka niliolipata behewa, baba alikuwa na miaka themanini na mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtembelea kila Jumamosi. Alikuwa ameanza kugawa vitu vyake: viatu huyu, koti yule. Jumamosi moja tuliifuta vumbi ile treni, akayahesabu mabehewa kwa kidole kama zamani, akasema, bila hasira, kama anayesema hali ya hewa, "La sita ndugu yangu alilinywa." Nilikuwa na kitambaa mkononi. Niliendelea kufuta reli mahali palipokwisha safishwa.

Siku nane baadaye nikaliona hili jingine kwenye kikapu.

Nilifanya kazi ile saa za chakula, wiki tano. Kutu niliilainisha kwa siki, nikaisugua kwa brashi ndogo mpaka mlango ukateleza. Kwa gurudumu lililopotea nilichukua alama ya mwenzake kwa rojo lile lile tunalochukulia alama za fizi, nikamimina madini tunayotengenezea fremu za meno, nikalisaga hadi likazunguka bila kuyumba. Kulabu niliikunja kwa waya. Wekundu nilichanganya mara kumi na moja. Namba 417 niliiandika kwa brashi ya nywele chache, nimezuia pumzi, nikikumbuka kwamba mguu wa namba saba ulikuwa umejipinda kidogo. Lilipokamilika lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza.

Kisha nikaanza kulizeesha. Nilichubua kingo kwa msasa, nikapaka majani ya chai kwenye maungio, nikalisugua na vumbi la chini ya kabati la maabara.

Jirani yangu wa benchi, mtu wa maneno machache, alikuwa akinitazama kwa wiki zote tano. Siku ile akasogeza kiti.

"Umelisafisha mwezi mzima. Mbona unalichafua tena?"

"Ndivyo linavyotakiwa kuonekana."

"Na nani?"

Nikaendelea kusugua. Akarudi kwenye plasta yake.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Chumba cha nyuma kilihitaji kupakwa chokaa, na kabati kubwa lililosimama mle ukutani halikuwa limesogezwa tangu tuko wadogo. Nitalisogeza. Nitapiga kelele ya mshangao. Baba atajua kwamba mdogo wake hakuwa mwizi, baba mdogo atarudishiwa jina lake, na hakuna atakayeuliza kuhusu mtoto wa miaka kumi. Nilijiambia kwamba natenda haki. Ilikuwa haki niliyoikata kwa kipimo changu, isinibane popote.

Na ikaenda kama nilivyopanga. Nilipiga kelele, baba akaja akijishika ukutani. Nikamwekea behewa kiganjani. Aliligeuza, akalipuliza vumbi, akasogeza mlango kwa kidole gumba. Aliisoma namba kwa sauti. Kisha akakaa juu ya ndoo ya chokaa iliyofunikwa.

"Lilikuwa hapa," alisema. "Nimelala nalo nyumba moja."

Nilingoja furaha. Sikuiona. Uso wa baba ulisawijika mbele yangu, ukawa uso wa mtu aliyepewa habari ya msiba na msiba wenyewe ni yeye. "Nilimfukuza mtu," alisema. "Nilimfukuza mtoto wa mama yangu kwa kitu nilichokiangusha mwenyewe." Alirudia neno mwenyewe mara mbili. Chokaa ilikuwa imemshika suruali. Nilimwambia, Baba, hukujua. Akasema, "Kazi yangu ilikuwa kujua."

Baba mdogo aliitwa, akafika siku tatu baadaye, kwa basi, na fimbo. Sikuwa nimemwona tangu msiba wa mama. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba, mwanangu, kwa sauti ya kawaida, akaniuliza hali ya watoto. Baba alikuwa amevaa shati jeupe tangu alfajiri. Alisimama, akakataa mkono wangu, akavuka sebule peke yake na behewa mkononi.

"Mdogo wangu, lilikuwa nyuma ya kabati," alisema. "Nilikuita mwizi mbele ya watoto." Mabega yake yalianza kutikisika. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata mama alipofariki.

Baba mdogo alimshika kiwiko akamkalisha, kisha akalipokea behewa. Alikuwa mtu wa baiskeli. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzungusha magurudumu, moja baada ya jingine, na lile la nne akalizungusha mara mbili. Kisha akaninyanyulia macho. Yalikuwa macho yale yale ya sebuleni.

"Vumbi la nyumba hii linatunza," alisema.

Baba alipokwenda kunawa uso, baba mdogo alinifuata jikoni. Nilikuwa nimeshika birika, sina ninachokifanya nalo.

"Mkono wako mzuri sana," alisema. "Lile gurudumu ningekuwa sijui, ningeapa ndilo lenyewe."

Niliweka birika chini. "Unajua nini, baba mdogo?"

"Mwanangu, nani alikuwa anachanganya zege?" Aliegemeza fimbo kwenye meza. "Asubuhi ile nilishuka mtaroni kutoa maji ya mvua. Nikaliona, limelala kama chapati, na uzi wako mwekundu bado unaning'inia. Nikasema, kaka akiliona hili atamchuna mtoto ngozi. Nikamwaga ndoo ya kwanza mimi mwenyewe, hapo hapo juu yake, kabla hata fundi hajaamuru."

"Kwa nini hukusema? Alipokuuliza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Alisema bila ukali, na ingekuwa afadhali angenizaba kibao. Kutoka bafuni tulisikia bomba likifungwa.

"Miaka ya mwanzo nilikuwa na hasira," akaendelea kwa sauti ya chini. "Baadaye nikasema alikuwa mtoto. Hilo nimelimaliza, lala usingizi wako. Lakini sasa wewe si mtoto, na yule mzee ananiomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Umenitua mimi mzigo ukamtwika yeye. Atakufa nao. Hilo siwezi kukusaidia kulimwagia zege."

Nilirudi sebuleni nyuma yake. Baba alikuwa amekaa, nywele za mbele zimelowa, behewa mbele yake mezani. Nilikaa. Nikasimama tena.

"Baba, hili silo."

Alinitazama kama ambaye hakusikia vizuri. "Namba ni ile ile."

"Namba nimeandika mimi. Lile lilikanyagwa na lori. Nilikuwa nalichezea, Baba. Nikalitupa kwenye msingi wa jirani."

Nilimwambia yote, na ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Miaka arobaini na moja iliisha kabla chai haijapoa. Baba hakunikatiza. Aliondoa miwani, akaikunja, akaikunjua.

"Ulisema ulimwona akitoka."

"Mama alimtuma akafunge dirisha."

"Mama yako alijaribu kuniambia hilo dirisha wiki nzima," alisema polepole. "Kila usiku. Nikamjibu kwamba mtoto amesema. Nikamwambia mtoto wetu yule hana sababu ya kumsingizia mtu." Alifuta kioo kimoja cha miwani kwa kidole. "Mpaka anafariki hatukulizungumza tena."

Hilo sikuwa nalijua. Nilikuwa nimejihesabia kosa moja miaka yote hiyo, na kumbe lilikuwa limezaa ndani ya nyumba, kwenye chumba cha wazazi wangu, mahali ambapo sikuwa na njia ya kuingia.

Baba alivaa miwani. "Nenda kwako," aliniambia. "Watoto wako wanakungoja."

Watoto wangu walikuwa watu wazima, wanajitegemea. Nilichukua mkoba wangu nikaenda.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kama kawaida, na mboga na dawa zake. Baba mdogo ndiye aliyefungua. Alikuwa amebaki, alinieleza kwamba mke wake amemruhusu mwezi mmoja, na kwamba wamemhamishia kitanda chumba cha nyuma. Alisimama mlangoni kwa namna ya mtu aliyepewa maagizo asiyoyapenda.

"Amelala," alisema.

Ndani nilimsikia baba akikohoa, akifungua gazeti. Nikampa mfuko wa mboga. "Naye anajua unamsikia," baba mdogo akanong'ona. "Usichoke."

Jumamosi ya pili alikuwa amelala. Ya tatu alikuwa amelala pia, ingawa alikuwa akipiga kelele kwamba mdogo wake amecheza dama kinyume cha kanuni. Baba mdogo alishindwa kuzuia kicheko, akajifuta machozi kwa mkono wa shati. Aliniambia lile behewa limetolewa kwenye reli na kuwekwa dirishani, peke yake. Halijatupwa, lakini haruhusu liguswe. Niliuliza kama nije kulichukua. Akasema, "Hilo la kuchukua sikuagizwa nikuambie."

Jumamosi ya nne kulikuwa na upepo mkali. Nilisimama kizingitini nikimkabidhi baba mdogo mfuko, mlango ukigongagonga mkononi mwake, karatasi zikiruka sebuleni. Hakusema kwamba amelala. Aligeuza kichwa akangoja.

"Ama aingie ama atoke," sauti ya baba ilisema kutoka ndani. "Nyumba inajaa vumbi."

Baba mdogo akasogea pembeni. Niliingia, nikafunga mlango taratibu. Baba hakuinua macho kutoka kwenye ubao wa dama. Kulikuwa na kiti kitupu kando yake, na kingine karibu na dirisha, nami nikabaki nimesimama katikati na mkoba wangu, maana hakuna aliyekuwa ameniambia nikae.